Nguo chache, nguo ya kweli

Watu wengi wanasema bankambo wetu walitembea uchi mpaka Wazungu walipoleta nguo. Hiyo si kweli, na inafaa watoto wetu wajue. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume ndio walifuma rafia, wanawake wakatia nakshi kwa sindano. Kipande kimoja kiliweza kuchukua miezi. Kile kizuri kuliko vyote hakikuvaliwa kila siku: kilitunzwa juu ya sherehe na juu ya kuzika wafu. Upande wa magharibi, kwa Wakongo na watu wa Loango, vitambaa vya rafia vilikuwa hata feza. Feza ya namna ile haikupatikana bure. Ilibidi mtu aketi na kufuma.

Halafu ikaja merikani, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kule Marekani. Tangu miaka ya 1830 kilishushwa Zanzibar, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika mpaka Maniema. Kilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Tusisahau kwamba kitambaa hicho kilinunua pembe za ndovu, kikanunua na watu. Lakini wanunuzi wa bara hawakuwa wajinga: walichagua, wakakataa kisichowapendeza. Vita ya Marekani ya 1861-1865 ilipokatisha biashara hiyo, Waingereza na Wahindi wakaleta vitambaa vya kuiga. Kumbe kudanganywa kwa nguo si jambo la leo.

Wakati wa Bula Matari mambo yaligeuka. Amri ya 1917 iliruhusu serikali kulazimisha wanakijiji kulima siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikafika 120. Pamba ikaenea Uele, Maniema, Kasai na kwingineko. Aliyekataa alifungwa ao alipigwa fimbo. Pamba nyingi ilikwenda Ubeleji, nyingine ikaingia viwanda vya inchi, kama vile vya Leopoldville. Mkulima akarudi kununua ile pamba yake, sasa imekuwa kitambaa, kwa feza kidogo aliyolipwa.

Siku hizi kule Ulaya wanasifu nguo za pamba iliyolimwa bila dawa za viwanda. Ni wazo zuri, kwani dawa zile zinaumiza udongo na mkulima mwenyewe. Lakini sisi tuliopita njia hii tunaongeza ulizo moja: nani aliilima, na alilipwa nini? Pamba inaweza kukosa dawa na bado ikajaa machozi.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Nilihuzuria mahari moja ambapo mashangazi walihesabu vikwembe kumi na viwili, wakapiga vigelegele. Kijana alikuwa amekopa feza ili atimize hesabu. Kisha kufuliwa mara tatu, rangi ilikwisha. Mama mukwe aliona amezarauliwa, kijana akabaki na deni, na maneno hayajaisha kati ya jamaa zile mbili mpaka leo. Ingekuwa vikwembe viwili vya kweli, mama angevivaa kwenye kanisa, na kimoja angekuja kumbebea mjukuu. Zamani mama zetu waliweka kikwembe ndani ya sanduku kama vile wengine wanaweka feza ku banki: siku ya shida, kiliuzwa.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, ukifika ku soko usiulize bei kwanza. Shika kitambaa, kivute, kigeuze. Wax ya kweli ina rangi sawa pande zote mbili. Ya kuiga mara nyingi imechapwa upande mmoja tu. Na wazee wanaoandika liste ya mahari, tunawaomba wapunguze hesabu, waangalie kitambaa. Bankambo waliofuma rafia miezi mingi hawakuwa maskini wa nguo. Walijua tu ya kwamba nguo ni kazi ya mtu, na kazi ya mtu haitupwi.