Kikosi cha Zimamoto cha Pripyat na usiku wa Aprili 26, 1986

Kikosi cha Zimamoto Namba 6 kilikuwa kikosi cha mji wa Pripyat, kaskazini mwa Ukraine, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Umoja wa Kisovieti. Majukumu yake ya kawaida hayakutofautiana na ya vikosi vingine vya mijini: kuzima moto katika nyumba za ghorofa, shule, maduka na karakana. Kilichokitofautisha ni jirani yake. Umbali wa takribani kilomita tatu kutoka mjini palikuwa na Kituo cha Nyuklia cha Chernobyl, chenye vinu vinne vya kufua umeme.

Pripyat ilianzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo hicho na familia zao. Kufikia mwaka 1986 ilikuwa na wakazi wapatao 49,000. Kituo chenyewe kilikuwa na kikosi chake, Namba 2, kilichoongozwa na Meja Leonid Telyatnikov, na kile cha mjini kilitakiwa kukiongezea nguvu pale moto ulipozidi uwezo wake.

Hali hiyo ilitokea usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 26, 1986. Saa 7:23 usiku kinu namba 4 kililipuka wakati wa jaribio la kiufundi. Zamu ya kikosi cha kituo, chini ya Luteni Volodymyr Pravyk, ilifika mara moja. Zamu ya mjini, chini ya Luteni Viktor Kibenok, ikafuata baada ya dakika chache. Maofisa hao wawili walikuwa na umri wa miaka 23 kila mmoja. Telyatnikov, aliyekuwa likizoni, aliitwa kutoka nyumbani.

Hatari waliyoiona ilikuwa ya kweli na waliielewa vyema. Paa la ukumbi wa mitambo ya kufua umeme lilikuwa limeezekwa kwa lami, na lilikuwa likiwaka sehemu kadhaa. Chini yake mlikuwa na mafuta ya mitambo na gesi ya haidrojeni ya kupozea majenereta. Zaidi ya hayo, kinu namba 3, kilichoungana na kile kilicholipuka, kilikuwa bado kinafanya kazi. Moto ungevuka ukuta, maafa yangeongezeka. Kwa hiyo walipanda juu na mipira ya maji, na kabla ya mapambazuko moto wa mapaa ulikuwa umedhibitiwa.

Hatari ya pili haikuonekana kwa macho. Juu ya mapaa yale vilikuwa vimetapakaa vipande vya fueli ya nyuklia na grafaiti vilivyorushwa kutoka ndani ya kinu, vikitoa mionzi mikali mno. Askari walivaa sare za kawaida za zimamoto. Hata hivyo, ni vyema ieleweke kwamba hakuna vazi ambalo lingewaokoa pale juu. Mavazi maalumu na barakoa huzuia vumbi lenye mionzi lisigusane na ngozi wala kuvutwa kwa pumzi, lakini mionzi ya gama hupenya nguo. Kinachopunguza madhara yake ni muda mfupi wa kukaa karibu nayo, umbali, na kinga nzito kama zege au risasi. Ili kutumia hata kimoja kati ya hivyo, sharti mtu ajue mionzi iko wapi na ni mikali kiasi gani. Vifaa vya kupimia vilivyokuwa vikitumika kituoni usiku huo vilifika mwisho wa kipimo bila kuonyesha kiwango halisi, na walio juu ya paa hawakuwa na namna ya kujua ni lini wateremke.

Muda si mrefu walianza kutapika na kuishiwa nguvu. Walipelekwa hospitali ya Pripyat, na walioathirika zaidi wakasafirishwa kwa ndege hadi Hospitali Namba 6 ya Moscow. Mwezi Mei walifariki dunia askari sita: Pravyk wa kikosi cha kituo, na watano wa kikosi cha mji, yaani Kibenok, Vasyl Ignatenko, Mykola Vashchuk, Mykola Tytenok na Volodymyr Tyshchura. Ni miongoni mwa watu 28 waliofariki mwaka huo kutokana na ugonjwa mkali wa mionzi. Telyatnikov alinusurika, akafariki mwaka 2004.

Masimulizi mengi ya tukio hili hukomea kwenye ushujaa, nao hauna shaka. Lakini kasoro ya taarifa iliwagusa pia wananchi ambao kikosi hicho kiliwekwa kuwalinda. Wakazi wa Pripyat waliendelea na shughuli zao Jumamosi nzima, watoto wakicheza nje, na walianza kuhamishwa Aprili 27 saa 8 mchana, takribani saa 36 baada ya mlipuko.

Tatizo hilo halikuishia Ukraine. Septemba 30, 1999, huko Tokaimura nchini Japani, wafanyakazi wa kiwanda cha fueli ya nyuklia walipatwa na mionzi. Wahudumu watatu wa gari la wagonjwa la zimamoto walifika bila kuelezwa kuwa ajali ilihusu mionzi, nao wakaathirika kwa kiwango kidogo. Kabla ya mwaka huo kwisha, Japani ilitunga sheria mahususi ya dharura za nyuklia.

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, kwa waokoaji wa kwanza sasa unaelekeza kwamba pakiwa na moto au mlipuko unaohusisha chanzo hatari cha mionzi, eneo la mita 300 kuzunguka hapo litengwe hadi vipimo vifanyike. Mwongozo huo pia unasisitiza kuwa kuokoa maisha ya majeruhi kusicheleweshwe kwa sababu ya mionzi.

Sare walizovuliwa askari wa Pripyat ziliachwa katika chumba cha chini ya hospitali ya mji huo. Miongo kadhaa baadaye, vipimo vilionyesha kuwa bado zinatoa mionzi.