Chupa Iliyongoja Miaka 181

Msomaji, na tuanze mjini London, mwaka 1787. Mtu mmoja wa miaka 35 alimwendea mpasuaji mashuhuri, John Hunter, kwa ajili ya uvimbe uliokuwa nyuma ya taya la chini. Uvimbe huo ulikwisha kukatwa zamani, nao ukarudi. Hunter aliukata, akaona kuwa sehemu yake moja ni laini na nyeusi. Akauhifadhi katika chupa yenye maji ya dawa.

Wakati huo ugonjwa ule haukuwa na jina. Mwaka 1806 Mfaransa René Laennec alichapisha maelezo yake, akauita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya weusi. Lakini yeye naye alitegemea macho, na macho hudanganyika: weusi waweza kuwa baka la kuzaliwa, au damu iliyoganda tu.

Dawa ya mashaka hayo ni maabara. Kipande cha nyama hutiwa katika formalini kisioze. Kisha hukaushwa maji kwa alkoholi, na kuzamishwa katika nta iliyoyeyushwa. Nta ikiisha kuwa ngumu, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, navyo hutiwa rangi mbili: viini vya chembe huwa buluu, sehemu nyingine huwa waridi. Ndipo mtaalamu atazamapo kwa hadubini: je, chembe zimekaa kwa taratibu, au zimetawanyika na kuchimba chini?

Chupa ya Hunter iliokoka hata mabomu yalipoiangukia nyumba ya makumbusho ilimokuwamo, mwaka 1941. Mwaka 1968 nyama ile ilipimwa hivyo, na jibu likapatikana: ni saratani ya melanoma. Miaka miwili baadaye Alexander Breslow wa Marekani alionyesha kuwa kupima unene wa uvimbe kwa milimita husaidia kutambua hatari yake.

Usidhani, kijana, kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Kwa watu weusi saratani hii mara nyingi hutokea wayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Basi uonapo doa jeusi linalozidi kukua, usilifiche ndani ya kiatu. Mwendee daktari, kipande chake kikapimwe. Jibu la mgonjwa wa Hunter lilikuja yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa zamani. Lako laweza kuja ungali na nafasi ya kupona.