Kitenzi "apply": siyo kuomba tu

Wadau, ukikaa intaneti kafe nusu saa lazima ukutane na neno "apply". Wengi tunalijua kwa maana moja, kuomba kazi, chuo au viza. Lakini lina maana zaidi, na ukizichanganya unaweza kudaiwa hela ambayo hukuitegemea.

ASILI
Limetoka Kilatini, "applicare": "ad" ni kuelekea, "plicare" ni kukunja. Yaani kukileta kitu kigusane na kingine. Warumi walilitumia hata kwa kuleta meli ufukweni. Likapitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza karne ya 14.

MAANA
1. Kuomba rasmi. Sisi tunasema "naomba kazi" moja kwa moja, ndio maana wengi wanaandika "I apply this job". Kosa hilo! "Apply for" ni kwa kitu unachotaka, "apply to" ni kwa unakopeleka maombi: "I applied to the university for a scholarship." Na siyo kila kuomba ni "apply". Kumwomba Mungu ni "pray", kuomba hela barabarani ni "beg".

2. Kupaka. Dawa ikiandikwa "apply to the skin", paka kwenye ngozi. Usinywe!

3. Kutumia. "Apply the brakes" ni funga breki, "apply the rule" ni tumia kanuni.

4. Kujituma. "Apply yourself" ni kaza buti.

5. Kuhusu. Hapa ndipo watu wanapoumia. "Fees apply" siyo "omba ada", ni kwamba kuna malipo! "Terms and conditions apply" ndio ile ya kwenye matangazo, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Na "N/A" kwenye fomu ni "not applicable", yaani hainihusu. Usiiandike kwa maana ya "sijui".

NDUGU ZAKE
"Applicant" ni mwombaji. "Application" ni maombi, pia ni programu, ndiko ilikotoka "app" ya kwenye simu. "Appliance" ni kifaa cha nyumbani kama pasi au friji.

Njia rahisi ya kutofautisha: angalia mtendaji. Akiwa mtu, basi anaomba, anapaka, anatumia au anajituma. Ikiwa ni ada, sheria au masharti, basi yanakuhusu wewe, yasome kabla hujabonyeza.

Mwenye nyongeza amwage hapo chini.