Mali ya Abdulla: Duka, Leso na Jina Lake

Katika leso nyingi zilizouzwa Mombasa katika karne ya 20 mlikuwa na maandishi madogo ambayo aghalabu mvaaji hakuyatupia jicho: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Herufi hizo tatu zilisimama badala ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana mjini kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na likaja kuwa mashuhuri katika mtaa wa Biashara. Neno “mali” katika lugha ya dukani ni bidhaa. Katika lugha ya kadhi ni milki. Bila shaka Abdulla alikusudia maana ya kwanza. Hata hivyo, maana ya pili nayo imejibanza humo humo, na historia ya leso, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kuulizana kitambaa kile ni mali ya nani hasa.

Kabla ya leso, nguo iliyotawala pwani ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na majahazi makubwa kutoka Massachusetts, ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Ikitiwa rangi ya nili huwa kaniki. Wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuwa watu wa kupokea chochote walicholetewa. Walijua uzito wa nguo, walijua alama ya kiwanda, na bidhaa isiyopendwa ilibaki ghalani hata ishushwe bei. Mfanyabiashara wa pwani alilijua hilo mapema kuliko wenye viwanda vya Ulaya: mwenye kuamua ni mnunuzi, na mnunuzi mkubwa ni mwanamke.

Leso yenyewe ilizaliwa kwa uamuzi wa wanawake. Katikati ya karne ya 19 vitambaa vya mkononi, ambavyo Wareno waliviita lenço, viliuzwa vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Wanawake wa Unguja wakanunua sita kwa pamoja, wakavikata tatu tatu, wakavishona kuwa shuka moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapishwa nzima nzima, yenye pindo pande zote na mji katikati, na kufikia miaka ya 1880 biashara hiyo ilikuwa imeshika mizizi. Unguja ikaitwa kanga. Husemwa ni kwa madoadoa yaliyofanana na manyoya ya ndege huyo. Mombasa na Lamu jina la leso likabaki. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani kama alama ya unyonge waliziacha, wakajifunga kanga za rangi. Kwao nguo mpya ilitangaza hali mpya, na ilitangaza hadharani, bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Hapo ndipo maneno yalipoingia. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Abdulla kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuandika misemo juu ya leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Kama ni yeye wa kwanza au ni mmojawapo wa wa kwanza si jambo kubwa. Kubwa ni aina ya ujasiri uliohitajika. Leso zilichapishwa mbali, Uholanzi, Uingereza, Bara Hindi, baadaye Japani, na mwenye duka aliagiza akangoja meli. Msemo uliomkera mteja, au usiomgusa, ulimaanisha robota zima la hasara. Kwa hiyo mwenye duka alilazimika kuwa na sikio. Alipaswa kujua wanawake wa mji wanasemezana nini visimani, arusini na matangani, kisha achague katika hayo maneno machache yatakayoenea katika mstari mmoja.

Na tazama alichokichagua. Hakuandika kwamba nguo zake ni imara, wala kwamba bei yake ni nafuu, wala kwamba yeye ni mwaminifu. Msemo kama “Wema hauozi” au “Hasidi hana sababu” hausemi neno lolote juu ya duka. Unasema kwa niaba ya atakayeuvaa. Biashara nyingi hujisifu. Hii ilimkabidhi mteja ulimi, ikajiwekea herufi ndogo. Wala tusimfanye Abdulla kuwa walii: aliyemuuzia mke mkubwa leso ya mafumbo alikuwa tayari kumuuzia mke mdogo leso ya jawabu, na faida akaipata kwa wote wawili.

Msemo huo huitwa “jina” la kanga. Ni istilahi ya kuzingatiwa sana na wapenzi wa ushairi. Doti moja ilikuwa na majina mawili: la mwenye duka, lililowekwa kama muhuri, na lile la maneno, ambalo ndilo mnunuzi alilolitaja alipofika dukani. Jina la tatu, la mtu aliyeyatunga maneno yale, halikuwapo kabisa. Mistari mingi ya leso ina mizani na vina. “Japo sipati tamaa sikati” ni kipande cha ushairi kwa kila kipimo. Baadhi ni methali zisizo na mwenyewe. Nyengine zilitungwa na watu waliokuwa hai, pengine wakipita mtaa ule ule wa Biashara, na watunzi hao hawamo katika diwani yoyote. Alama ya biashara ililinda jina la muuzaji, lakini mshairi hakulindwa na kitu.

Mwanzoni majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo waliopita chuoni waliweza kuzisoma. Baadaye zikaja za Kirumi. Mchapaji wa ng’ambo asiyejua Kiswahili mara nyingine aliiangusha herufi au kuiunganisha mikato miwili, na leso ikauzwa hivyo hivyo, ikasomwa sawasawa na watu waliokwisha kuujua msemo kwa moyo. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa msaada wa China, uchapaji ulisogea karibu na lugha.

Siku hizi leso huuzwa pia kwa simu. Muuzaji hutandika doti sakafuni au huikunja ili pindo na jina vionekane, akapiga picha, akaipeleka kwa wateja walioko Maskati, London au Toronto ambao hawataigusa nguo mpaka wailipie. Anachohofia ni mwenziwe kuichukua picha na kuitumia. Kwa hiyo jina la duka huandikwa juu ya picha, kubwa, katikati ya mji, mahali ambapo Abdulla hakuthubutu kuliweka. Maneno ya kanga huachwa wazi chini yake, yasomeke, na yeyote apendaye huyanakili.