Swali la Elisabeth

Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyepoteza ufalme, akiishi uhamishoni The Hague, alimwandikia Descartes: roho isiyo na umbo huusukumaje mwili? Descartes alijibu kwa mfano wa uzito, unaoliangusha jiwe bila kulisukuma kwa mguso. Elisabeth, mwenye umri wa miaka 24, hakuridhika. Alijibu kuwa ni rahisi zaidi kukubali kwamba roho nayo ina umbo. Naam, hapo mwanafunzi alimbana mwalimu.

Mwaka 1649 Descartes alitaja tezi ndogo ubongoni kuwa makao makuu ya roho. Lakini kutaja mahali si kueleza namna, na picha za ubongo za leo nazo hutuonyesha wapi kuliko vipi.

Descartes alipofariki, Elisabeth alikataa barua zake zichapishwe. Zilitoka mwaka 1879.