Kodi ya Aliyejiajiri Tarime: Kutoka Kibanda hadi Daftari

Kodi ya fedha taslimu ilifika Tarime, katika nchi ya Wakuria, pamoja na utawala wa Kijerumani. Amri ya kodi ya kibanda ilitolewa mwaka 1897, na kwa vijijini kiwango cha kawaida kilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Kilichohesabiwa ni nyumba, bila kujali mwenye nyumba alivuna nini au aliuza nini. Mwenye wake wengi, kila mmoja na nyumba yake, alidaiwa mara nyingi zaidi ya jirani yake.

Ugumu haukuwa katika mali. Wakuria walikuwa na ng'ombe, ulezi na mtama, lakini rupia hazikuwamo bomani. Ng'ombe alikuwa akiba, mahari na heshima ya ukoo, kwa hiyo kumpeleka sokoni kwa ajili ya kodi ilikuwa hasara isiyorudi kirahisi. Vijana wengi wakaenda kutafuta kazi ya mshahara. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mtindo huo kwa sheria ya mwaka 1922, wakiongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na kibanda. Kati ya vita viwili vikuu wapo waliochimba dhahabu katika migodi ya Musoma, na wapo walioingia KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza. Stakabadhi ya kodi ilitunzwa vizuri, maana ndiyo ilikuwa kinga ya mtu akisimamishwa na askari njiani.

Baada ya Uhuru, kodi za kichwa za halmashauri zilifutwa mwaka 1969, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa. Ziliporudishwa katika miaka ya 1980, kodi ya maendeleo ilirudi nazo. Wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, na hawakukosea: mkulima wa kahawa wa milimani na kibarua asiye na shamba walidaiwa kiwango kile kile. Mgambo walipoonekana, wanaume walitoroka. Serikali iliifuta mwaka 2003. Kuifuta lilikuwa jambo la haki, kwa kuwa kodi isiyotazama kipato humwumiza zaidi asiye nacho.

Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilikuwa imeanza kazi Julai 1996. Chini yake aliyejiajiri akawa mlipakodi mwenye namba yake, TIN, na kipimo kikawa mauzo ya mwaka. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo, wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4, walianza kupewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000. Kwa mama muuza ndizi wa Sirari, kitambulisho kilimwondolea ushuru wa kila siku. Huko Nyamongo, wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya zuio ya asilimia 5 mwaka 2019, na masoko ya madini yakafunguliwa ili dhahabu iuzwe hadharani, mrabaha ukikatwa hapo hapo.

Badiliko kubwa zaidi, ingawa halikuzungumzwa sana, ni thamani ya daftari. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mtu binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mwenye duka la rejareja aliyeuza milioni 5 anadaiwa 30,000 akionyesha daftari na risiti zake. Asipoonyesha, tofauti ya 70,000 inatoka mfukoni mwake. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne, ya kwanza ikiisha 31 Machi na ya mwisho 31 Desemba, na hapo mtu wa msimu hubanwa: mwenye mahindi hupata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno, si kila miezi mitatu. Inafaa atenge fungu la kodi siku ile ile anapouza, kabla fedha hazijageuka kuwa ndama, maana awamu haisubiri ndama akue.