Silfio katika Sarafu za Kirene
Tangu karne ya 6 K.K. mji wa Kirene, katika Libya ya leo, ulipiga sarafu zenye picha ya mmea: shina nene lenye michirizi, majani yaliyoelekeana mawili mawili, na maua kileleni. Mmea huo ni silfio, ambao utomvu wake, uliokuwa kiungo na dawa, uliutajirisha mji. Plinio aliandika kwamba katika zama zake ulionekana mche mmoja tu, nao ukapelekwa kwa Nero. Warumi waliridhika na utomvu wa Uajemi, yaani mvuje, ambao Waswahili wanaufahamu vyema.

Je, silfio ni wa jamii ya mvuje? Wengi hudhani hivyo, ingawa majani ya jamii hiyo kwa kawaida hupishana. Mwaka 2021 Mahmut Miski alipendekeza *Ferula drudeana* wa Anatolia, ambao majani yake huelekeana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini huenda mchongaji alitafuta ulinganifu tu, kwani kazi yake ilikuwa kutangaza mali ya mji.